Mazimwi ya Mezani (2): Kundi Lenye Mbawa

Wiki iliyopita tulieleza jinsi michezo ya mezani ya kuigiza wahusika inavyochezwa: msimulizi mmoja, wachezaji wachache, karatasi na dadu. Mchezo uliofungua njia hiyo, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka Marekani mwaka 1974, na mwaka 1977 ukapata kitabu kizima cha mazimwi. Leo tunaunda zimwi letu wenyewe, lenye mbawa na linalowinda kwa kundi, na tutaliachia Mtangawanda, kisiwani Pate.

Mazimwi yetu ya pwani yanatisha, lakini mengi yao hutembea peke yake. Nunda mla watu, ambaye Edward Steere alimtia katika mkusanyiko wake wa hadithi za Unguja mwaka 1870, ni paka aliyeachwa akala vifaranga, akapanda hadi mbuzi, hata akafikia watu. Ni mmoja tu. Rukh wa Alfu Lela Ulela, ambaye Marco Polo alimhusisha na Bukini, naye ni mmoja: mbawa kama tanga, kucha za kuinua tembo. Zimwi la pekee lina ubaya wake mezani. Wachezaji wanne wanalizunguka, wanalipiga kwa zamu, na mambo yanakwisha kabla chai haijapoa.

Najua kuna atakayeuliza habari za Ababili. Hao walitumwa na Mola kwa jeshi la Abraha na tembo wake. Si mazimwi, na mimi siwatii katika mchezo wa dadu.

Basi kundi lenye mbawa tulitafute wapi? Kwanza kwa mwewe wa Harris, anayeishi katika nchi kavu za kusini-magharibi mwa Marekani. Ndege wengi wawindaji huwinda kila mmoja na tumbo lake, lakini huyu huwinda kwa ukoo. James Bednarz aliwafuatilia huko New Mexico na mwaka 1988 akachapisha matokeo katika jarida la Science. Aliona mbinu tatu. Ya kwanza, mwewe kadhaa humshukia sungura kwa wakati mmoja kutoka pande mbalimbali. Ya pili hutumika sungura akijificha kichakani: mmoja au wawili huingia kumfurusha, wenzao wakimngoja nje. Ya tatu ni kupokezana. Anayeongoza akimkosa sungura, mwingine huchukua nafasi yake, na mbio hazikatiki mpaka mnyama achoke. Makundi ya watano au sita ndiyo yaliyofanikiwa zaidi, nayo yaliweza kuangusha sungura mzito kuliko mwewe mwenyewe.

Mwalimu wa pili tunaye hapa hapa. Kunguru wa Bara Hindi, kurabu kwa watu wengi wa Mombasa na Malindi, aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka. Takataka alizila, kisha akageukia mayai na makinda ya ndege wa kwetu, na vifaranga vya kuku uani. Amesambaa pwani kiasi kwamba Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo. Tazama anavyomwendea paka mwenye kichwa cha samaki. Mmoja hutua mbele yake akajifanya hana habari. Wa pili hupita nyuma akamvuta mkia. Paka akigeuka kwa hasira, kichwa cha samaki kimekwenda.

Kunguru pia hawasahau. Mwaka 2006 John Marzluff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, waliwakamata kunguru wa Kimarekani wakiwa wamevaa kinyago, kisha wakawaachia. Kwa miaka iliyofuata, kila aliyepita na kinyago kile alipigiwa kelele, hata na kunguru ambao hawakuwahi kukamatwa. Msimulizi mwenye akili ameshapata kisa hapo. Mchezaji aliyeua zimwi moja leo na kutoroka, mengine yatamjua uso wake kesho.

Sasa mwili. Hapa wengi hutaka ukubwa, nami nawashauri wasiutake. Tandawala mkubwa wa nyika zetu, mmoja wa ndege wazito kuliko wote warukao, hufika kilo 18 hivi, na kuinuka kutoka ardhini kwake ni kazi. Lipe zimwi lako kilo 15, mdomo mnene na shingo ya kijivu. Alama za uhai zisizidi 11, yaani mapigo mawili ya upanga yanalitosha. Nguvu yake iwe kwenye kanuni. Toleo la 2014 la Dungeons & Dragons humruhusu mwindaji wa kundi arushe dadu ya nyuso 20 mara mbili na kuchukua namba kubwa, mradi mwenzake yupo karibu na anayeshambuliwa. Ukihitaji 11 au zaidi, mrusho mmoja unakupa nusu kwa nusu. Mirusho miwili inakupa robo tatu. Zimwi dhaifu limekuwa hatari kwa sababu tu halikuja peke yake.

Mtangawanda nimeichagua kwa makusudi. Ndipo boti za Lamu zinapoweza kushusha abiria hata maji yakiwa yamekupwa na njia ya mji wa Pate haipitiki kwa chombo. Wachezaji wako wameshuka na mizigo yao. Mbele yao kuna njia ya wazi, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu hadi Pate. Pembeni kuna mikoko. Zimwi moja limekaa juu ya mlingoti, halishuki, linahesabu watu.

Njiani watashambuliwa kwa kupokezana. Mikokoni mbawa hazifunuki, kwa hiyo watasalimika, ila matope yanameza mguu na maji yataanza kujaa. Siku za bamvua tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3, hivyo aliyejificha kwenye mizizi hana muda wa kukaa akashauriana. Msimulizi asiseme maji yanajaa. Aseme yamefika vifundoni, baadaye magotini.

Zimwi lisilo na udhaifu ni uonevu, na wachezaji wataacha kuja. Udhaifu wa hili ni yule mlinzi wa mlingotini. Akiangushwa kwa mshale, waliobaki wapoteze ile haki ya mirusho miwili mpaka mwingine apande kuchukua zamu. Msiwaambie wachezaji. Atakayeinua macho atamwona.

Mara ya kwanza tumieni mazimwi manne, si kumi, na msimulizi aandike ni lini wachezaji walimtambua mlinzi. Wakifika Pate bila kumtambua, ongezeni la tano. Wiki ijayo tutashuka majini.