Gari Hili Haliuzwi

Mkazi wa Dar es Salaam hashtuki tena akiona neno "haiuzwi" ukutani. Nyumba za urithi zimeandikwa hivyo, na viwanja vyenye kesi pia, kuanzia Mbagala hadi Tegeta. Lakini pale Mjimwema, Kigamboni, nimeyakuta maandishi hayo kwenye gari. Ni kipande cha boksi kilichosimamishwa nyuma ya kioo cha mbele, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: GARI HILI HALIUZWI. Gari lenyewe ni Mercedes ya dizeli ya miaka ya tisini, namba za Ulaya, usukani kushoto, paa limeinuliwa ili mtu asimame ndani. Limeegeshwa chini ya mkorosho, ndani ya uzio wa gereji.

Aliyeandika boksi ni fundi mwenye gereji. Ameniomba nisimtaje jina, na mwisho wa makala haya sababu itaeleweka. Nilipomuuliza kwa nini mwenye gari hataki kuuza, alifuta mikono kwa kitambaa, akanitazama.

"Nani kakwambia hataki, dada? Anataka sana. Tena wanunuzi wapo. Wanakuja hapa kutoka Tandika, kutoka Kinondoni, madalali wa yadi wanakuja. Mwenye gari anataka kuuza, watu wanataka kununua, mimi ndiyo naandika haliuzwi. Maana nikinyamaza, kuna siku mtu ataniachia hela hapa, halafu tutakwenda kutafutana."

Kigamboni imewapokea wasafiri wa aina hii tangu ikiwa bado sehemu ya Temeke. Wanashuka na magari yao kutoka kaskazini au kupanda kutoka kusini, wanavuka kwa pantoni pale Magogoni, siku hizi pia kwa daraja, wanapiga kambi ufukweni. Wengine hupiga kambi upande wa Kunduchi. Wakishapumzika husogea Zanzibar, na gari hubaki kwa mtu wa kuaminika. Mwaka 2020 korona ilipofunga mipaka na ndege, baadhi yao waliondoka haraka wakaacha funguo, na hapo ndipo fundi huyu alipoanza kuitwa mlinzi wa magari. Hili la chini ya mkorosho lilikuja baadaye. Ni la mume na mke wa makamo. Walifika wakiwa na mpango wa kuendelea hadi Nairobi, simu ya msiba ikawakuta hapa, wakapanda ndege. Baadaye wakaandika kwamba safari imekwisha, hawarudi barabarani. Fundi awatafutie mteja.

Fundi alinifungulia mlango wa ubavuni. Ndani kuna harufu ya mbao na mafuta ya taa. Meza hukunjwa ikawa kitanda. Jiko ni la gesi, mafiga mawili, na mtungi wa Ulaya ulipoisha alitafuta kichwa kingine ili mtungi mdogo wa hapa kwetu ukubali kukaa. Milango ya makabati ina vitufe, usipobonyeza haifunguki, ili barabara mbovu isimwage vyombo. Vikombe viwili vya bati vimening'inia kwenye misumari iliyofungwa mpira ili visigongane. Aliyetengeneza nyumba hii aliwaza kila shimo la barabara kabla hajalifikia.

Kisha akafungua kabati la nguo na kunionyesha upande wa ndani wa mlango. Imeandikwa orodha kwa kalamu ya risasi, mwandiko mdogo uliolala. Oili: Dakar. Oili: Lomé. Oili: Luanda. Oili: Windhoek. Oili: Lusaka. Oili: Mbeya. Pembeni ya kila mji kuna kilomita zilizosomwa siku hiyo. Safari ya bara zima imeandikwa kwa namna fundi yeyote anavyoweza kuisoma, bila picha ya simba wala ya machweo. Chini ya Mbeya kuna mstari mwingine, kwa herufi kubwa na kalamu ya wino: OILI MJIMWEMA. Chini yake tena: OILI MJIMWEMA. Kilomita ni zilezile.

"Hiyo nimeandika mimi," alisema. "Gari halitembei, lakini oili inachoka. Wao walikuwa wanaandika, sasa mimi niache kwa nini?"

Kinachozuia mauzo kimo kwenye simu yake, katika picha aliyotumiwa na wenye gari. Ni ukurasa wa kitabu cha forodha ambacho wasafiri hawa hutembea nacho, wanakiita kaneti. Hutolewa na vyama vya magari vya kwao, na mwenye gari huweka dhamana ya fedha kwanza. Kila nchi hutumia ukurasa mmoja, na ukurasa una vipande vitatu. Gari likiingia, afisa wa forodha hugonga muhuri na kuchana kipande cha chini. Likitoka, huchana cha katikati. Cha juu hubaki kitabuni kama kishina, kikiwa na mihuri miwili, wa kuingia na wa kutoka. Fundi alikuza picha kwa vidole viwili. Muhuri wa Tunduma unaonekana vizuri, wino wake umevuja kidogo. Upande wa pili wa kishina ni mweupe.

"Hapo peupe ndipo tulipokwama. Hapo pakigongwa, mzee kule anapewa dhamana yake. Pasipogongwa, hela yake inakaa huko, na hapa gari linahesabika ni mgeni tu, halijaingia nchini. Utamuuziaje mtu gari ambalo halijaingia nchini? Kadi utaitoa wapi?"

Kwa kawaida muhuri wa pili unapatikana kwa gari kutoka nje ya mipaka, au kwa kulipia kodi ili libaki. Fundi ameshazipigia hesabu njia zote mbili. Kwa kodi aliniandikia kwa chaki juu ya pipa. Katika makundi ya forodha, nyumba ya magurudumu hukaa kifungu kimoja na magari madogo ya abiria. Tuseme Mamlaka ya Mapato, TRA, wamelithamini shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 2.5. Ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi cc 2,000 ni asilimia 10 ya thamani pamoja na ushuru huo, milioni 1.25. Kodi ya uchakavu, kwa kuwa limepita miaka kumi, asilimia 30 ya jumla hiyohiyo, milioni 3.75. Kisha VAT ya asilimia 18 juu ya vyote, milioni 3.15. Jumla milioni 10.65, na ada nyingine bado. Kodi imelipita gari.

Na mnunuzi wa kulipa hivyo ni nani? Madalali wa Kinondoni wakishaona usukani uko kushoto, bei inashuka hapo hapo. Kwa barabara zetu, dereva wa gari hilo akitaka kulipita lori pale Chalinze, lazima aliyekaa kulia amwambie kama njia ni nyeupe. Wengi wanaofika wanataka kulichinja: injini, gia boksi, paneli ya sola, friji. Hata spea moja haiwezi kutolewa kihalali, maana kitabu kinalijua gari zima. Kulivusha likauzwe Kenya nako hakuna njia, kule gari lililozidi miaka minane halisajiliwi, na Uganda wameweka kikomo cha miaka kumi na mitano.

Kulirudisha kwa meli? Fundi amelipima. Mlango wa kontena refu ni mita 2.58 kwenda juu, na gari hili pamoja na paneli linazidi hapo. Labda meli ya magari, ile ambayo gari huendeshwa hadi ndani. Aliuliza nauli, akawatumia wenyewe. Hawakujibu kuhusu nauli. Waliuliza kama mkorosho umezaa.

Naelewa kodi ya uchakavu iliwekwa ili nchi isigeuke jalala la vyuma vya wengine, na naikubali. Lakini ilitungwa ikimtazama mwagizaji anayeshusha magari kwa biashara. Hata Mtanzania anayerudi kutoka ughaibuni sheria inamjua: gari lake alilolimiliki na kulitumia huko miezi kumi na miwili linasamehewa ushuru, mara moja kila baada ya miaka minne. Kwa nini msafiri asiweze kumkabidhi msafiri mwenzake hapa hapa Dar, mbele ya afisa wa forodha, ukurasa mpya ukafunguliwa kwa jina jipya, na gari likaendelea na safari? Nimeuliza hili kwa watu wa uwakala wa forodha pale Kurasini. Sikupata jibu la kuandika.

Wakati huohuo fundi analiwasha gari kila Jumapili. Analisogeza hatua chache ili matairi yasikalie upande mmoja. Analiosha kwa maji ya kisima, kwa sababu upepo wa bahari hapa unakula bodi. Panya walikata nyaya za taa za nyuma, akaziunga kwa pesa yake. Fedha za kulitunza zilikuwa zinakuja kila mwezi, sasa zinakuja wakikumbuka.

Nilimsomea kwenye simu yangu Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, mahali inapomtaja hata mtu anayekaa na bidhaa zisizolipiwa ushuru huku akijua. Aliomba nisome tena, polepole.

"Kwa hiyo kibali cha gari hili kukaa nchini kikiisha, wa kuulizwa ni mimi? Mimi mwenye funguo?"

Jioni ile ile aliwaandikia wenye gari. Hakudai fedha safari hii. Aliomba barua yenye muhuri wa mwanasheria, inayompa mamlaka ya kwenda forodha kwa niaba yao, alisalimishe gari au aliombee muda. Mpaka naandika haya, ujumbe umesomwa na barua haijatumwa.