Hatukulala pamoja, lakini mwezi umechelewa: mimba inaweza kutoka wapi?



Kuna swali ambalo wanafunzi wanauliza kwa sauti ya chini, mara nyingi kwa mtu ambaye naye hajui: « Tulishikana tu, hatukulala pamoja, sasa mwezi haiji. Naweza kuwa na mimba? » Hapa Kindu swali hilo si la kuchekesha. Msichana anaweza kuacha masomo, kijana anaweza kuitwa mbele ya familia mbili, na mwingine anameza kinini nyingi ili « kurudisha mwezi », jambo ambalo linaweza kumuua. Kwa hiyo tuelewane vizuri, bila haya na bila matusi.

Tuanze na mwili wenyewe. Ili mimba ishike, sherti yai la mwanamke na mbegu ya mwanaume zikutane. Yai linatoka karibu siku 14 kabla ya mwezi unaofuata, na linaishi saa 12 mpaka 24 tu. Mbegu zikishaingia ndani ya mwanamke zinaweza kuishi hadi siku 5. Ndiyo maana siku za hatari ni kama 6: siku tano za mbele, pamoja na siku yai linapotoka. Mwenye mzunguko wa siku 28, yai linatoka karibu siku ya 14. Mwenye siku 26, karibu siku ya 12. Lakini mzunguko unaweza kubadilika, hivi usiweke maisha yako juu ya hesabu peke yake.

Inje ya mwili mambo ni tofauti. Samaki wa Lualaba akitupwa ku mchanga hafiki mbali. Mbegu nazo ni hivyo. Manii yakikauka ku nguo, ku shuka ao ku ngozi, mbegu zinakufa. Haziruki, hazitembei ku paja mpaka zipate njia.

Sasa tupange matendo moja moja.

Yale ambayo hayaleti mimba: kubusiana, kukumbatiana, kulala kitanda kimoja, kugusana huku kila mtu amevaa nguo zake, kutumia choo kimoja ao taulo moja, kuoga mutoni pamoja. Hata manii yakiingia mdomoni, tumbo la chakula na tumbo la uzazi si njia moja.

Yale yenye hatari ndogo, lakini si sifuri: manii kumwagika karibu kabisa na mlango wa uke, kusuguana uchi sehemu za siri, ao kuingiza kidole chenye manii ambayo hayajakauka. Kulala kwa nyuma kwenyewe hakuleti mimba, ila manii yanaweza kuteremka mpaka mbele. Hapa ndipo msichana anaweza kupata mimba akiwa bado anaitwa bikira. Inatokea mara chache, lakini inatokea. Basi familia isikimbilie kusema binti ni mwongo.

Na yale majimaji yanayotoka kwa mwanaume mbele ya manii? Kwa wanaume wengine yamekutwa na mbegu ndani yake, kwa wengine hapana, na hakuna anayeweza kujua kwa kuangalia.

Kitu kimoja kisichanganywe na hayo: kuingia kisha kumwaga inje. Hiyo ni kulala pamoja. Kati ya wanawake 100 wanaotegemea njia hiyo kwa mwaka mmoja, karibu 20 wanapata mimba. Kijana anayesema « sikumaliza ndani » hajajikinga sana, wala hajamkinga mwenzake.

Kama hatari ilikuwepo, fanya nini? Angalia saa. Kidonge cha dharura cha levonorgestrel kinafanya kazi vizuri zaidi kikimezwa mapema, ndani ya saa 72. Kinaweza kusaidia hadi siku 5, lakini nguvu inapungua. Kinachelewesha yai kutoka. Hakiharibu mimba ambayo imekwisha shika, na kama yai limekwisha toka hakisaidii. Kitanzi cha shaba kikiwekwa na muganga ndani ya siku 5 kinazuia karibu mimba zote. Kuosha ndani kwa maji, sabuni, chumvi ao ndimu hakuzuii kitu, kunaumiza tu.

Kama siku zimekwisha pita, subiri testi. Testi ya mkojo inaaminika toka siku ya kwanza ya kukosa mwezi, ao siku 21 kisha tendo lile. Tumia mkojo wa asubuhi. Ikisema hapana na mwezi bado hauji, rudilia kisha juma moja. Mujue pia kwamba woga, malaria, kukonda na usiku za kusoma mitihani vinaweza kuchelewesha mwezi. Wengi wanaogopa, mwezi unachelewa zaidi, wanaogopa tena.

Mimba si hatari pekee. Herpesi, kaswende na virusi vya papiloma vinapita kwa kugusana ngozi kwa ngozi, hata bila kuingiliana. Kidonda ao upele sehemu za siri unapelekwa kwa muganga, haufichwi.

Na kama ulilazimishwa, hilo si kosa lako. Fika lopitali mbele ya saa 72 kuisha, hata kama sherti uvuke na mtumbwi kutoka Alunguli. Kuna dawa ya kuzuia VIH na ya kuzuia mimba, na zote zinahesabiwa kwa saa.

Wengine wanaogopa kufukuzwa ku kituo cha afya. Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018, kuhusu afya ya umma, inasema mtu mwenye umri wa kuzaa anaweza kupata njia ya kuzuia mimba kisha kuelezwa na kukubali mwenyewe. Ni haki, si msaada wa kuombea.

Vijana wanaume, hili ni lenu pia. Musimwachie dada kutembea farmasi peke yake na kuhesabu siku peke yake. Mwendeni wote wawili, mukaulize. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, mpe mwenzako naye asome, maana pengine usiku huu kuna mtu anayejiuliza swali hilo na hana wa kumwambia.