Jina la Tuzo na Kazi za Mshairi

Likizo iliyopita nikiwa nyumbani Kolo, wilayani Kondoa, mdogo wangu wa kidato cha tatu aliniuliza: "Kaka, Ebrahim Hussein si ndiye yule wa Kinjeketile? Sasa mbona tuzo yake ni ya ushairi?" Swali hilo si la kitoto hata kidogo, na makala haya yanajaribu kulijibu.

Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein ilianza mwaka 2014, na mashairi yake yamechapishwa katika diwani. Wengi wetu, hata hivyo, tunamjua Hussein kwa tamthiliya: Kinjeketile (1969), inayohusu Vita vya Maji Maji, na Mashetani (1971). Huyo huyo aliyeandika juu ya wananchi waliopambana na Mjerumani ndiye aliyekwenda kusoma Berlin, katika Chuo Kikuu cha Humboldt, na tasnifu yake ya udaktari ikahusu sanaa ya maonyesho ya Afrika Mashariki.

Jibu la swali letu limo katika kitabu cha mwaka 1976, Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi. Ni kazi mbili za jukwaani, lakini humo hamna kundi la wahusika wanaojibizana. Mtambaji ni mmoja. Anasimulia na kuigiza kwa lugha ya kishairi, kama bibi anavyotamba ngano jioni. Tukumbuke kwamba miaka miwili tu kabla ya hapo Kichomi cha Kezilahabi kilikuwa kimetoka, na ugomvi wa vina na mizani ulikuwa umepamba moto. Katika hali hiyo Hussein aliirudia ngano, akaonyesha kwamba ushairi unaweza kubebwa na pumzi ya msimulizi.

Basi nathubutu kusema kuwa jina la tuzo limefaa. Hofu yangu ni nyingine. Kolo kwetu kuna michoro ya miambani, ambayo ni Urithi wa Dunia tangu 2006: kazi zipo, majina ya wachoraji yamepotea. Kwa Hussein, jamani, tusije tukafanya kinyume chake, jina likabaki kwenye tuzo na kazi zisisomwe. Anayetaka kushindania tuzo ya mtu, aanze kwa kumsoma.

Mdogo wangu nilimwachia nakala yangu ya Ngao ya Jadi. Imechakaa kweli, ila inasomeka.