Povu Likiisha, Sabuni Imekwenda Wapi?

Ukishuka ufuoni Kisumu siku ya jua utaona akina mama wakifua, vijana wakiosha pikipiki, na hatua chache tu kutoka hapo mtu akichota maji ya kupikia. Povu huelea kidogo, kisha hutoweka. Je, msomaji, sabuni nayo imetoweka? La hasha! Imeyeyuka majini, ila macho hayaioni.

Basi wataalamu huipimaje? Hutumia rangi. Methilini buluu huyeyuka katika maji, lakini peke yake haiingii katika klorofomu, kiowevu kizito kisichochanganyika na maji. Rangi hiyo ina chaji chanya, ilhali sabuni nyingi za unga zina chaji hasi. Zikikutana hushikana, na zikishashikana huhamia pamoja katika klorofomu. Mtaalamu wa maabara hutikisa vyote kwenye chupa, kisha husubiri klorofomu itulie chini. Sabuni ikiwa nyingi, tabaka hilo huwa buluu iliyokolea. Ikiwa haba, hupauka.

Jicho hudanganya, kwa hivyo hukumu huachiwa mwanga. Mwanga mwekundu wa nanomita 652 hupitishwa katika klorofomu hiyo, na mashine husoma ni kiasi gani kimemezwa. Kisha hulinganishwa na maji yaliyotiwa sabuni ya kiasi kinachojulikana, na jibu hutolewa kwa miligramu katika lita.

Hata hivyo, kipimo hiki hakiikamati vyema sabuni ya kipande. Jibu dogo si cheti cha usafi.

Kwa nini tujali? Sabuni za unga hudhuru mashavu ambayo samaki hupumulia, na zenye fosfeti hurutubisha mwani na magugu maji. Ghuba ya Winam hupokea maji ya Mto Kisat unaopita mjini, nayo huungana na ziwa kuu kupitia mlango mwembamba karibu na Rusinga. Uchafu ukiingia hauondoki upesi. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilimtaka kila mtu ajiepushe na kuyachafua.

Wazazi, kumbukeni kwamba kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi sabuni. Fueni kwenye beseni, mbali na ufuo, na maji machafu myamwage ardhini. Nanyi wanafunzi, klorofomu ni sumu: jaribio hili ni la maabara, si la jikoni kwa mama.