Jina Ntare na mipaka yetu

Sisi wa Buha tunajua kwamba Ntare maana yake ni simba. Ni jina la enzi: Mwami Theresa Ntare alitawala Heru, Kasulu, kabla ya uhuru. Ng'ambo ya mpaka, Ntare wa Tano alikuwa mfalme wa mwisho wa Burundi, akauawa mwaka 1972. Kule Mbarara, Uganda, shule ya Ntare ina jina la wafalme wa Ankole. Zamani mtoto alipewa jina lake mwenyewe, si la ukoo. Hivyo kufanana majina si udugu wa damu, wala si uraia. Basi tukilisikia parokiani, tusikimbilie kumuuliza mwenzetu alivuka mpaka lini. Kwanza tumkaribishe.