Nyumba Iliungua, Ndoa Ilibaki: Miezi 14 ya Kuanza Upya

Ukisikia "moto umezimwa, hakuna aliyeumia," unadhani habari imeishia hapo. Kwa familia moja ya Kimara, Dar es Salaam, ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Mama wa nyumba hiyo anasimulia mwenyewe jinsi walivyoishi, walivyogombana na walivyojenga tena.

Mpenzi msomaji, hebu jiulize: ukiambiwa una dakika mbili tu za kutoka ndani ya nyumba yako, utabeba nini? Mimi nilibeba rimoti ya televisheni. Sitanii. Mkono wa kushoto nilikuwa na binti yetu wa miaka minne, ana povu la sabuni mwilini, na mkono wa kulia nina rimoti. Niligundua kuwa nimeishika nikiwa nimesimama peku barabarani, namtazama mume wangu akirudi ndani kumfuata kaka mtu.

Ilikuwa Jumamosi usiku, Agosti 2022. Nilikuwa namwogesha mtoto kwa maji ya moto ya hita, AC ya chumbani inanguruma. Taa ya bafuni ikafifia. Wala sikushtuka, maana ilikuwa na tabia hiyo. Halafu nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, na nilipoinua macho nikaona dari limeanza kuwa la kahawia, kama karatasi iliyomwagikiwa chai.

Mume alitoka na mtoto amembeba begani, wote wanakohoa. Majirani walikuja na ndoo, mchanga na mipira ya kumwagilia bustani. Kila mtu anauliza, "Namba ya zimamoto ngapi?" na hakuna anayejua. Aliyeijua ni kijana wa duka la pembeni: 114, tena bure. Sisi watu wazima, tuna digrii zetu, tulikuwa tunapigia ndugu. Gari lilipofika, mtaa wetu ni ule wa kupishana kwa kukunja vioo, na magari yameegeshwa pande zote. Ikabidi yasogezwe kwanza. Moto ulipozimwa, paa lote lilikuwa limeshuka.

Asubuhi yake tulisimama mbele ya kuta nyeusi zisizo na bati. Mwanangu wa miaka tisa akauliza, "Mama, nyumba imerudi kuwa boma?" Nilishindwa kujibu. Miaka sita tuliyojenga, tofali kwa tofali, na kweli ilikuwa imerudi kuwa boma.

Mkopo haujui moto

Watu wengi wanauliza: bima je? Jamani, hatukuwa nayo. Tulijenga kwa mkopo wa mshahara. Benki ilikuwa imeshika mishahara yetu, haikushika nyumba, kwa hiyo hakuna aliyetulazimisha kukata bima ya moto. Gari tuliliwekea bima kila mwaka kwa kuogopa trafiki. Nyumba, ambayo ilikuwa na thamani mara nyingi zaidi ya lile gari, tuliiacha mikononi mwa Mungu.

Mwisho wa mwezi ulipofika, makato yakakatwa kama kawaida. Yaani unalipia jiko, madirisha na vigae ambavyo jana umevizoa kwa koleo ukavimwaga kwenye kirikuu. Hilo liliniuma kuliko moto wenyewe.

Wiki za kwanza zilikuwa za foleni. Polisi kwa ajili ya taarifa ya kupotelewa na nyaraka, NIDA kwa ajili ya vitambulisho, RITA kwa ajili ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Shule inataka cheti, benki inataka kitambulisho, kitambulisho kinataka taarifa ya polisi. Ukikosa karatasi moja, siku nzima imepotea na ruhusa ya kazini imeisha.

Lakini niwe mkweli, watu walituheshimu. Wenzangu wa kazini walifungua kundi la michango siku ileile. Kikoba chetu kilitoa fungu la maafa. Bibi anayeuza mihogo pale kona alikuja na shilingi 5,000 zimekunjwa kwenye kona ya khanga yake, akasema, "Mwanangu, hizi ni za chumvi." Nililia siku ile kuliko siku ya moto.

Chumba kimoja, watu wanne

Kupanga tulishindwa. Madalali walitutajia kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali juu yake. Tukahamia kwa mama mkwe, Tabata. Alitupa chumba kimoja. Sisi wawili kitandani, watoto kwenye godoro chini.

Mama mkwe wangu si mtu mbaya hata kidogo. Lakini kuishi ukweni miaka minane baada ya harusi si mchezo. Unapika kwenye sufuria za watu. Ukizidisha chumvi, unasikia pumzi imeshushwa. Ukichelewa kutoka kazini, hakuna anayekuuliza kitu, ila chakula chako kimefunikwa kwa namna ambayo wewe mwenyewe unaelewa. Wifi akija Jumapili, unajikuta unafagia uwanja ambao umeshafagiliwa.

Na mambo yetu ya chumbani? Tuliyaweka kapuni. Mtakutana vipi na watoto wako chini ya miguu yenu? Tukawa kama wapangaji wenza. Alfajiri kila mtu anavaa gizani, saa kumi na moja na nusu tuko barabarani kuwawahisha watoto shule ileile ya Kimara, maana hatukutaka wapoteze na marafiki pia.

Kilichonitia hofu zaidi ni kaka mtu. Alianza kulala na viatu. Nikimvua akishasinzia, asubuhi namkuta amevivaa tena. Nilipomuuliza, akanijibu kwa upole kabisa, "Nisije nikakanyaga moto nikikimbia."

"Breka hii aliiweka nani?"

Mwezi wa Oktoba tulianza kazi. Tuliuza gari, tukaita fundi mkuu na mhandisi kijana anayefanya kazi na rafiki yetu. Tulidhani ni kupaua tu, bati mpya, maisha yaendelee. Kumbe moto huacha ugonjwa ndani ya ukuta. Mhandisi alizunguka na nyundo, anagonga plasta. Inapotoa sauti ya debe tupu, inabanduliwa. Juu ya bafu na korido, ringi bimu ilikuwa imepasuka, zege limegeuka rangi kama ya waridi na nondo zinachungulia. Akatuambia zege likishapata joto kali kiasi hicho nguvu yake hupungua na hairudi. Kipande kile kikabomolewa na kumwagwa upya. Baada ya hapo ni kumwagilia maji na kusubiri siku 28 lishike nguvu yake, ndipo kenchi zipande. Na sisi haraka zetu! Nilikuwa napita pale jioni kumwagilia zege kwa ndoo kama mtu anayemwagilia mchicha.

Desemba akaja fundi umeme, safari hii mwenye leseni ya EWURA. Akakagua mabaki, akachomoa waya ulioyeyuka, akauliza bila kujua anawasha moto wa pili: "Bosi, hii breka ya 32 kwenye laini ya taa aliiweka nani?"

Alitufafanulia taratibu. Waya wa taa ni mwembamba, milimita 1.5. Hita ya kuogea na AC zinahitaji kila moja laini yake na waya mnene. Za kwetu zote mbili zilikuwa zimeungwa kwenye laini ya taa. Breka ya mwanzo ilikuwa inajikata kila mara, kwa sababu ndiyo kazi yake: inakuambia mzigo umezidi. Mtu akaing'oa, akaweka kubwa. Breka ikanyamaza, waya ukawa unachemka juu ya dari, mbao zikiwa pembeni yake.

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anatazama chini. Hapo nikajua kwamba anajua, na kwamba alijua tangu usiku ule.

Sitaandika yote niliyomwambia. Nilisema mbele ya mafundi, na hilo najutia hadi leo. Kwenye daladala ya kurudi Tabata tulikaa viti tofauti. Kwa wiki mbili mazungumzo yetu yalikuwa "umekula?" na "nimekula." Nilianza kuangalia vyumba vya kupanga vya mtu mmoja na watoto wawili. Nilifikia hapo.

Kikao cha kwenye mkeka

Aliyetuokoa ni mtu ambaye sikumtegemea. Jioni moja mama mkwe alituma watoto dukani, akatandika mkeka sebuleni, akatuita. Hakutaka kujua nani mwenye kosa. Alisema, "Nyumba iliyoungua ni moja. Sasa naona mnataka kuchoma ya pili, na hiyo ya pili mnaichomea kwangu." Kisha akamwambia mwanawe, "Mwambie mwenzio ulikuwa unaogopa nini." Akanyanyuka, akaenda zake jikoni.

Mume wangu alichukua muda mrefu. Halafu akasema kwamba wakati ule wa hita alikuwa ameishiwa. Fundi mwenye leseni alitaja bei, yeye akaona aibu kuniambia hana, akamchukua wa bei nafuu. Breka ilipoanza kujikata, akamwambia fundi "weka kubwa," ili nisije nikaanza kuuliza maswali. Na tangu moto utokee, kila usiku mtoto akivaa viatu, yeye yuko macho anamtazama.

Nami nikakumbuka ya kwangu. Nani aliyenuna mwezi mzima kwamba amechoka kuchemsha maji kwenye jiko? Nani aliyekuwa anaona taa inafifia kila siku na kunyamaza? Sikumwambia kosa ni la wote, maana la kuficha lilikuwa lake. Lakini nilielewa jinsi nyumba yenye watu wawili wasomi ilivyoweza kuungua kwa sababu ya aibu ya kusema "sina."

Kutoka siku ile tukawekeana sheria. Kila Jumapili jioni daftari linafunguliwa, kila mtu anataja alichonacho na anachodaiwa, hata kama ni aibu. Hakuna fundi anayelipwa bila wote wawili kukubali. Neno "wewe ndiye uliye..." limepigwa marufuku. Na Jumamosi moja kwa mwezi tunawaacha watoto kwa bibi yao, tunakwenda Coco Beach kula mihogo, na mwiko kutaja simenti. Mara ya kwanza tulikaa kimya nusu saa, hatujui tuongee nini. Mara ya tatu tulicheka.

Kabla hayajakukuta

Msomaji, kama umejenga au unajenga, chukua haya kutoka kwangu, nimeyalipia:

1. Breka ikijikata mara kwa mara, usibadilishe breka. Tafuta kinachoizidi. Hita, AC na jiko la umeme kila kimoja kiwe na laini yake.

2. Mwombe fundi umeme leseni yake kabla ya bei yake.

3. Kata bima ya moto, na taja thamani halisi ya kuijenga nyumba upya. Ukikatia bima nusu ya thamani, unaweza kulipwa nusu tu ya hasara, hata kama ni chumba kimoja kilichoungua.

4. Hati, vyeti na vitambulisho vipige picha, vihifadhi kwenye barua pepe yako, na nakala nyingine iwe kwa ndugu.

5. Andika 114 kwenye jokofu, na hakikisha hata dada wa kazi na watoto wanaijua. Funguo za milango na madirisha ya nondo ziwe mahali kila mtu anaweza kuzipata gizani.

6. Moto ukishazimwa, usipaue kabla mtaalamu hajagonga kuta na bimu.

7. Na la mwisho, mwambie mwenzio ukweli kuhusu pesa. Hili halina fundi.

Usiku wa kwanza

Tulirudi Oktoba 2023. Usidhani tulirudi kwenye nyumba ya kwenye majarida. Sakafu ilikuwa ya simenti, milango miwili tu ndiyo ilikuwa imefungwa, jikoni pazia. Tulihamia hivyo hivyo. Mama mkwe alikuja na sufuria yake kubwa, ile niliyokuwa naipikia kwa woga, akasema niibakize kwangu.

Fundi alimwita kaka mtu, akamwonyesha ubao mpya wa breka, kila moja imeandikwa jina: taa, soketi, hita, AC. Akamfundisha kuzima ile kubwa. Mtoto akaizima, nyumba nzima giza, akaiwasha, akaizima tena mpaka baba yake akamwambia basi.

Usiku nilikwenda kumwangalia. Viatu vilikuwa vimepangwa chini ya kitanda, visigino ukutani, pua zimeelekea mlangoni. Tayari kwa safari, lakini havikuwa miguuni. Nilirudi chumbani nikamwambia baba yake. Hakusema kitu, alinishika mkono tu.

Vigae tumeweka mwaka uliofuata. Mkopo bado unakatwa. Daftari la Jumapili bado lipo, la tatu sasa. Na ile rimoti niliyotoka nayo motoni? Televisheni yake iliungua, lakini tumeiweka juu ya kabati la sebuleni. Mgeni akiuliza ni ya nini, tunatazamana, na yeyote kati yetu anaanza kusimulia.