Namba Unazitaja kwa Lugha Gani?

Shuka matatu pale Cheptiret, barabara ya Eldoret kwenda Nakuru, umwombe kijana wa dukani namba yake ya simu. Mtakuwa mkiongea Kiswahili, lakini namba ataitaja kwa Kiingereza. Mazoea ya shule, utasema. Sawa, ila kuna nafuu nyingine: tarakimu za Kiingereza, toa saba na sufuri, zina silabi moja moja. Zetu, toa sufuri, ni mbili mbili: ta-tu, sa-ba, ti-sa.

Mwaka 1980 Ellis na Hennelly walionyesha kwamba watu wa Wales wanaojua lugha mbili hukumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelsh kuliko kwa Kiingereza, kwa kuwa za Kiwelsh huchelewa kutamkika. Kumbukumbu ya papo hapo hubeba kile ambacho ulimi unaweza kukirudia kwa sekunde mbili hivi.

Sasa tuseme kuna mwanajeshi mstaafu aliyepigwa na mlipuko Somalia, ambako Kenya ilipeleka jeshi Oktoba 2011. Anasahausahau, anadai fidia. Mpimaji lazima ajiulize: anajitahidi kweli, au anajifanya?

Kuna kipimo cha picha 50. Unaonyeshwa moja moja, kisha unaletewa mbili mbili uchague uliyoiona, halafu zoezi linarudiwa. Hata anayebahatisha tu hupata kama 25, na wengi walioumia kichwa kweli hupata 45 au zaidi katika awamu ya pili. Anayepata 12, basi, majibu aliyajua akayakwepa. Kipimo kijanja hicho, nakipenda.

Kinachonitia wasiwasi ni cha tarakimu. Unarudia mfululizo kwenda mbele, halafu kinyumenyume, kila urefu ukijaribiwa mara mbili. Urefu uliouweza mara zote mbili kila upande unajumlishwa. Saba kushuka chini, unatiliwa shaka. Mpaka huo ulipendekezwa Marekani mwaka 1994, kwa watu waliopimwa kwa Kiingereza. Mzee aliyeishia darasa la nne, akapata nne mbele na tatu nyuma, tayari ni mshukiwa, na kugeuza tarakimu ni mchezo wa darasani ambao hakuucheza sana. Mpime kwa Kiswahili, tarakimu zinarefuka. Mpime kwa Kiingereza, lugha inamkwaza. Kwa Kikalenjin kuna *mut* na *lo*, tano na sita, fupi kabisa, ila kuna pia *sogol* na *tisab*, tisa na saba.

Ndiyo maana wapimaji makini hawamhukumu mtu kwa kipimo kimoja, na humlinganisha na watu wa kisomo chake na lugha yake. Mzee wetu alikosa alama moja tu. Angepata nane, asingeulizwa neno.